Nyumba Nilizozipima kwa Nje

Songea, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Athumani,

Nakuandikia barua na wewe bado unalala katika nyumba yangu. Mtu akisikia atacheka, na acheke. Saa hizi uko Maposeni kumuaga bibi yako, mama yako anatwanga unga wako wa njiani, na mimi nimekaa na karatasi uliyoiacha juu ya kasha. Ningeweza kukungoja urudi tuzungumze. Lakini najijua: nitaanza utani, wewe utacheka, tutakula, na neno lenyewe litabaki tumboni mwangu kama lilivyobaki miaka yote hii.

Habari za blanketi, za kutokunywa maji ya kila kijito na za kutolala mbali na wenzako wa msafara, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho atakuambia ya nne. Mimi sina la kuongeza. Unakwenda Lindi kuwa mpimaji wa nyumba katika boma la huko, wewe mtoto wa fundi wa kukandika udongo. Nimefurahi mpaka nimekuwa kero. Jana nilimwambia muuza chumvi kwamba mwanangu ameitwa Lindi, naye maskini hakuwa ameniuliza kitu ila kama nataka chumvi.

Basi utasoma sifa zako humu, uzivumilie. Lakini kuna jambo moja usilolijua, na nalificha tangu ukiwa mdogo. Mwaka huu umekuwa ukinitazama kwa heshima ambayo sikuizoea. Naogopa kuipoteza. Hata hivyo nitalisema, ila niache nianze pale ninapoweza kuanza.

Nilipotoka Tunduru kuja huku sikuwa na kitu ila kamba na panga. Kamba ile nilikuwa nimeipiga mafundo, kila fundo pima moja, yaani upana wa mikono yangu nikiinyoosha. Fundi wa huku halipwi kwa ukubwa wa chumba. Hulipwa kwa paa, maana kazi iko kwenye paa: fito, kamba, nyasi, na nguzo za nje zinazoshika upenu. Kwa hiyo tulipima kutoka nguzo ya baraza mpaka nguzo ya baraza, na hilo ndilo jina la nyumba. Mtu akisema ana nyumba ya pima saba, alihesabu na baraza anapofunga mbuzi na upenu anapoweka kuni. Ndani unaweza kukuta chumba ambamo ukijinyoosha miguu inagonga ukuta. Hakuna aliyejali. Ukubwa wa nyumba ulikuwa wa kuonwa na wapita njia.

Na ndani hatukupima kabisa. Hili unalijua, lakini nataka uone lilivyonifaa. Kamba ya kupimia huingia ndani ya nyumba siku moja tu, siku ya kumpima maiti ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Ukimwingilia mtu na kamba chumbani mwake akiwa hai, umemtakia mabaya. Fundi mwenye akili huiacha kamba yake mlangoni.

Vita vilikuwa vimekwisha, na njaa nayo ilikuwa imekwisha kuwachukua iliowachukua. Boma likatangaza kodi upya. Vijijini iliendelea vile vile, nyumba moja kodi moja, iwe kibanda iwe jumba. Ndipo mjomba wa mama yako kule Maposeni alipobomoa nyumba mbili akawatia wake zake watatu chini ya paa moja. Aliokoa rupia, akapoteza usingizi wa mwaka mzima. Lakini hapa mjini ilisemwa nyumba zitapimwa, zigawanywe ndogo, za kati na kubwa, kila moja na kodi yake. Wakatafuta mtu anayejua kupima na kuandika tarakimu. Wakaambiwa yupo fundi, Myao, mwenye kamba.

Karani wa boma alinieleza vizuri. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye sauti ya taratibu. Alisema, "Fundi, unapima ndani ya kuta, pale watu wanapokaa na kulala. Baraza hatutaki, upenu hatutaki." Nikaitikia. Nilielewa, mwanangu. Asikudanganye mtu kwamba sikuelewa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja karibu na soko. Niliposhika mlango na kamba mkononi, akasimama. "Kamba ndani? Nani amekufa humu?" Nikarudi nyuma, nikasema, basi nitapima nje nikapunguze baadaye. Nikapima nje. Na jambo la kuchekesha, mzee yule alifurahi. Akanifuata nyuma akisema, "Vuta, fundi, vuta, usinipunje. Jirani yangu umemwandikia ngapi?" Na wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kila mmoja alitaka nyumba yake izidi ya mwenzake. Na mimi, ambaye nusu ya mapaa yale nilikuwa nimeyaezeka kwa mikono yangu, nilikuwa nikiandika tarakimu kubwa huku kifua kimejaa. Nilihisi naandika sifa zangu. Kule kupunguza baadaye sikukufanya. Mwanzoni nilisahau, halafu niliona uvivu, halafu nikaona haya kurudi kwa karani na kusema nyumba zote nilizozitaja ni ndogo kuliko nilivyosema.

Kodi ilipotangazwa, hapakuwa na aliyecheka. Nyumba zilizokuwa za kati ziliandikwa kubwa, na vibanda viliandikwa vya kati. Asiyekuwa na rupia alikwenda kuchimba barabara. Watu walimlaani Mdachi, wakamlaani karani. Mimi hawakunilaani, kwa sababu walinisimamia wenyewe nikipima.

Na nyumba yetu? Nyumba yetu niliipima siku mama yako yuko shambani. Siku hiyo sikuogopa nuksi. Niliingia na kamba mpaka ndani, nikapima ukuta hadi ukuta kama karani alivyotaka, tena chumba chetu peke yake. Kile mlimolala ninyi watoto nilikiandika ghala. Nyani haoni kundule. Nilijiambia kwamba angalau nyumba moja mjini imepimwa kwa amri, na nikalala vizuri.

Haya unayajua, kwa sababu wewe ndiye uliyeyafichua. Lakini nataka kukuambia nilivyokuona mimi, maana hukuwahi kusikia kinywani mwangu.

Karani alipokupa kazi ya kupima upya, kwa kuwa macho yangu yamekwisha na wewe umesoma, niliwangoja wazee wakufukuze na kamba yako kama walivyonifukuza. Nilitaka wakufukuze, nikuambie, unaona. Kumbe hukwenda na kamba. Ulikaa uani kwa kila mtu ukamwomba mama mwenye nyumba akuletee mikeka yake. Ukaipima pale nje, juani, urefu na upana, kisha ukamwomba aingie mwenyewe aitandike, ukuta hadi ukuta, akuhesabie mingapi imeingia na nusu ngapi. Mkeka ni wa walio hai. Watu hulala juu yake, huzaa juu yake. Hakuna hata mmoja aliyekukataza. Nilisimama kwa mbali nikiangalia wanawake wakicheka na kuhesabu, na mmoja akikukaripia kwa kuuita mkeka wake mdogo, nikajiambia kwamba miaka yote ile ya kusema haiwezekani, nilikosa dakika moja ya kufikiri. Athumani, mimi ni fundi tangu ujana wangu na sikuliwaza jambo lile. Nilijivuna siku hiyo kuliko siku uliyozaliwa, maana siku uliyozaliwa ulikuwa unalia tu.

Halafu ukaja kwetu. Mama yako alitandika mikeka vyumba viwili. Jioni ukanijia nikiwa nanoa panga.

"Baba," ulisema, "nyumba zote zimepungua. Yetu imeongezeka."

"Labda mikeka ya mama yako ni midogo," nikasema.

Hukucheka. Ulisema, "Daftari nalipeleka Jumatatu. Karani ataweka la zamani na jipya pamoja, naye ataona. Sitaki asikie kwangu kabla hajasikia kwako."

Nilikuita mtoto asiye na adabu. Nilikuuliza ni nani aliyekufundisha kupiga fundo. Ulisema, "Ni wewe, baba," ukaondoka, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Siku tatu sikula pamoja nawe. Ungeweza kubadilisha tarakimu moja, mwanangu. Ilikuwa tarakimu moja tu, na kalamu ilikuwa mkononi mwako, na mimi ni baba yako. Siku ya tatu mama yako aliniwekea ugali mbele yangu akasema, "Mtoto amekufungulia mlango. Unangoja nini, akufungulie na dirisha?"

Jumatatu nilitangulia kabla yako. Sikumbuki nilisema nini kwa karani, nakumbuka nilikuwa natazama vidole vyake. Alisema nimepona kiboko kwa sababu nimekuja kwa miguu yangu. Nikaambiwa nilipe pungufu ya miaka yote, na kwa kuwa sikuwa nayo nikapewa jembe, nikatumwa barabarani pamoja na wale ambao niliwafanya wakose kodi.

Aibu ile sitaki kuipamba. Nilichimba mtaro mbele ya nyumba nilizozijenga. Yule mzee wa karibu na soko, aliyenifuata zamani akiniambia vuta, alikuja akasimama juu yangu akauliza, "Fundi, mtaro huu umeupima ndani au nje?" Watu wakacheka, na mimi ikabidi nicheke. Lakini kila adhuhuri ulikuja wewe na uji. Hukuja kwa kujificha, hukungoja watu wapungue. Ulikuja na nguo safi ya boma, ukashuka mtaroni mpaka viatu vikachafuka, ukaniamkia kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, baba," ukakaa chini nami mpaka nikamaliza. Wenzangu waliacha kucheka. Hakuna aliyenifanyia heshima kama ile, na mimi niliyefanyiwa sikuistahili. Unajua kwa nini nasema hivyo? Ndiyo, kwa nyumba yetu, kwa daftari. Lakini si hayo tu.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nazunguka.

Unamkumbuka Bibi Agata, aliyekaa upande wa Matogoro, ambaye nyumba yake ilianguka masika ile ukiwa bado mdogo. Nyumba ile niliijenga mimi. Mumewe alipenda wageni, akataka baraza pana kuzunguka nyumba nzima, na chumba kimoja kidogo katikati. Kisha njaa ikamchukua mume, ukabaki ujane na baraza lisilo na wageni. Nilipopima kwa nje, nyumba ya mjane mmoja mwenye kitanda kimoja ikaandikwa kubwa.

Mwaka wa kwanza aliuza mbuzi. Mwaka wa pili alikwenda barabarani, mwanamke wa umri ule. Mwaka wa tatu alinijia hapa nyumbani, kabla ya mvua. Nilikuwa nasuka kamba. Hakukaa. Akaniuliza, "Fundi, nikiling'oa baraza, nikakata upenu, kamba yako itafupika?"

Athumani, mimi ni fundi. Najua kuliko ninavyojua jina langu kwamba ukuta wa udongo unaishi kwa upenu. Ukiuondoa, mvua inalamba ukuta kuanzia chini, na masika moja inatosha. Nilipaswa kumwambia, mama, usiguse, kosa ni langu, kesho naenda bomani kulirekebisha. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Nikaona nikimsaidia yeye, watakuja wote, na daftari litafunguliwa, na ghala letu litaonekana lina vitanda vya watoto.

Nikamwambia, "Itafupika."

Akashukuru, akaenda. Aling'oa nguzo kwa mikono yake. Masika ikaja, na usiku wa mvua ya tatu ukuta wa kichwani ukaanguka juu ya kitanda. Alikuwa jikoni, Mungu alimhifadhi. Watu waliponiuliza, mimi niliyeijenga, nilisema nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Akahamia kwa kaka yake Mpitimbi, akaenda kuwa mgeni katika nyumba ya wifi. Kwa karani nilisema yote ila hili. Hili halimo katika daftari lolote, na hakuna mtu aliyelijua.

Ndivyo nilivyodhani. Wiki iliyopita uliniuliza nilikuwa wapi siku mbili, nikasema nimekwenda kutafuta nyasi za kuezekea. Nilikuwa Mpitimbi. Nilimkuta anapura maharage. Nilimsalimu, nikakaa chini, nikamwambia kama nilivyokuambia wewe hapa, sikupunguza neno. Aliendelea kupura mpaka nikamaliza. Kisha akaweka fimbo chini.

"Nilijua," akasema. "Marehemu alinieleza mara ngapi kwamba upenu ndio mwavuli wa ukuta. Mtoto mdogo wa huku anajua."

Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini uliniuliza?

"Nilitaka unikataze," akasema.

Nilitembea kutoka Mpitimbi mpaka nyumbani na maneno hayo mawili, na sijayaweka chini mpaka sasa. Mimi nilidhani aliniuliza habari za kamba. Kumbe alikuja kunipa nafasi, kama wewe ulivyonipa, nami nikamjibu urefu. Huko uendako watu watakujia na maswali ya vipimo, wengi wao hawajui kusoma, na watauliza kwa unyenyekevu, pima ngapi, mita ngapi, nikitoa hiki itakuwaje. Sikufundishi kazi, kazi umenishinda. Nakuomba tu, mtu akikuuliza swali la namna ile, inua macho kwenye daftari umtazame usoni kabla ya kujibu. Mimi sikumtazama. Nilikuwa natazama kamba niliyokuwa nasuka.

Alinikubalia nimjengee nyumba yake mwenyewe, kando ya ile ya kaka yake. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Alisema tu nisichelewe, mvua hazimngoji fundi. Macho yangu ni mabaya lakini mikono inajua njia. Kesho nikikusindikiza mpaka mtoni, nitageuka niende huko moja kwa moja, na mama yako amekwisha kujua kwa nini. Alinisikiliza, akaniuliza nitahitaji unga kiasi gani.

Mwanangu, wewe ni bora kuliko mimi, na silisemi kwa kujidharau, nalisema kwa furaha. Mtu hujenga ili kilichojengwa kisimame baada yake. Nimejenga nyumba nyingi katika mji huu, nyingine zimeanguka na nyingine zitaanguka, lakini nikiona jinsi unavyosimama, najua kwamba kuna kitu kilitoka mikononi mwangu kikiwa kimenyooka. Labda ni mama yako aliyekinyoosha. Sitabishana naye.

Ningeweza kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uisome ukiwa umekwisha kupita Tunduru, nami nikabaki baba mwema siku zote hizo za njiani. Nililifikiria, sikufichi. Lakini nitakupa mkononi leo, ukirudi kutoka kwa bibi yako, uisome taa ingali inawaka na mimi niko chumba cha pili. Kesho alfajiri tutaagana. Ukinipa mkono, uwe unajua unampa nani.

Ni mimi baba yako,
Fundi